Kuwafundisha akina mama na mashangazi wa nyumba za watoto kutoa dawa: kadi yangu ndiyo iliyokosea

Muuguzi Mzungukaji (Tororo)

Ndugu zangu, nimekuwa muuguzi kwa miaka kumi na minne, na miaka sita ya mwisho nimeitumia kuzunguka katika makao yanayolea watoto kwa mfumo wa familia, yaani nyumba moja, mama mmoja, watoto wanane hadi kumi, na shangazi anayeshika nafasi mama anapokwenda likizo. Akina mama hawa si wauguzi, na hakuna aliyewauliza habari za dawa siku walipoajiriwa. Hata hivyo, chini ya paa moja unaweza kumkuta mtoto anayemeza ARV, mwingine wa kifafa, mwingine wa selimundu anayehitaji foliki asidi kila siku, na wawili waliorudi juzi kutoka kituo cha afya wakiwa na malaria. Ningependa tujadili namna ya kuwafundisha, na nitaanza na kosa ambalo mkono wangu umo.

Mtoto wa miaka saba mwenye kifafa alikuwa akipewa sodiamu valproeti mara mbili kwa siku. Kadi yake niliiandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko uliotulia: 8:00 na 20:00. Mama wa nyumba hakuwa na shida nayo kwa sababu nilimweleza kwa mdomo, naye hakuitazama tena. Siku alipoondoka kwenda msibani Busia, shangazi wa zamu alisoma 8:00 akaona saa nane, kama atakavyoona mtu yeyote anayehesabu saa kwa Kiswahili au kwa Kiganda, akakiweka kidonge tayari ili akitoe saa nane mchana. Dozi iliyotangulia ilikuwa ya saa mbili usiku, kwa hiyo mtoto angekaa masaa kumi na nane bila dawa. Hakufika huko. Saa sita mchana alianguka karibu na sigiri, na mkono wake wa kushoto ukaungua hadi kwenye kiwiko.

Shangazi huyo alikuwa amehudhuria mafunzo yangu mwezi mmoja kabla, na katika mtihani alipata alama 18 kwa 20. Aliweza kuzitaja zile sahihi tano bila kusita: mtoto sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Nilipokwenda kumhoji alinionyesha kadi, akaweka kidole juu ya ile nane, akaninyamazia.

Tangu hapo nimeacha mtihani wa karatasi. Kadi zangu sasa zimeandikwa kwa maneno, "saa mbili asubuhi baada ya uji", "saa mbili usiku baada ya chakula", na pembeni nachora jua au mwezi. Mafunzo nayafanyia jikoni mwa nyumba husika, kwa dawa zilizomo katika kabati la nyumba hiyo, na hakuna anayeruhusiwa kutoa dawa peke yake mpaka nimemwona kwa macho yangu akitoa mara tatu, kwa siku tofauti, tangu kunawa mikono hadi kutia sahihi. Naomba kujua wenzangu mnafanyaje, hasa kwa mashangazi wa zamu, kwa sababu mama anayekaa na watoto mwaka mzima hunitia wasiwasi kidogo kuliko anayeingia Ijumaa jioni na kutoka Jumatatu.

Mama wa Nyumba ya Nne (Arua)

Sista, pole kwa yaliyokupata, na mpe pole shangazi huyo. Mimi ni mama wa nyumba kwa mwaka wa tisa sasa, na saa haikunishinda. Kilichonishinda ni ile bahasha ndogo ya kaki wanayotupa kwenye dirisha la dawa. Imeandikwa 1×3, na basi. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipewa vidonge vya mzio kwa ajili ya msichana wa miaka tisa, nikasoma kwamba ni mara moja, vidonge vitatu. Nilimpa vyote vitatu asubuhi. Alilala hadi jioni, nami nimeketi kando yake nikisikiliza pumzi, sijui nimwambie nani, kwa sababu niliogopa kufukuzwa kazi. Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwamba namba ya kwanza ni idadi ya vidonge na ya pili ni idadi ya nyakati kwa siku.

Sasa siondoki dirishani. Namwambia mtoa dawa, "Musawo, nisikilize nirudie: kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, kwa siku tano." Wapo wanaokunja uso kwa sababu foleni ni ndefu, lakini nakaa palepale mpaka aitikie. Kisha naandika juu ya bahasha kwa kalamu yangu mwenyewe kabla sijapanda bodaboda.

Nina swali. Dawa za maji huandikwa "kijiko kimoja". Mimi hutumia kijiko cha chai cha jikoni, kilekile kwa watoto wote. Je, hilo nalo ni kosa?

Mfamasia wa Jinja

Mama, nakujibu wewe kwanza. "Kijiko kimoja" kwa mfamasia ni mililita 5 kamili, wakati vijiko vya jikoni kila kimoja kina tumbo lake. Chukua bomba la kupimia dawa lisilo na sindano, ambalo duka lolote la dawa linalo kwa bei ndogo, jaza kijiko chako maji hadi ukingoni, kisha uyavute maji hayo kwa bomba usome. Fanya hivyo leo, uturudie na jibu.

Mafunzo ya dawa za maji hayatakamilika pasipo somo la pili, ambalo ni nguvu ya dawa ndani ya chupa. Parasetamoli ya maji iliyozoeleka ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Yapo pia matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Mama aliyezoea kutoa mililita 5 kutoka chupa ya kwanza, akitoa mililita 5 kutoka chupa ya pili, amempa mtoto miligramu 500, zaidi ya mara nne ya alichokusudia, na jina la dawa ni lilelile. Mtoto wa kilo 12 anahitaji kati ya miligramu 120 na 180 kwa dozi, yaani miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, na asizidishiwe dozi nne katika masaa ishirini na manne. Kwa hiyo mizani ni kifaa cha dawa sawa na bomba, na nyumba isiyopima uzito wa watoto kila mwezi inakisia.

Kuhusu rangi nitakuwa mkali kidogo. Nimeona wakufunzi wakiwafundisha walezi kwamba "kile cheupe ni cha asubuhi, kile cha njano ni cha usiku". Kiwanda hubadilika, zabuni hubadilika, na robo ya mwaka inayofuata dawa ileile huja na rangi nyingine au kopo la umbo jingine. Mlezi aliyefundishwa rangi atatoa kwa rangi. Afundishwe kulinganisha jina na miligramu za kwenye kopo na zile za kwenye kadi, herufi kwa herufi ikibidi, hata kama hajui kulitamka jina hilo.

Liko na jambo la dolutegraviri, mojawapo ya ARV, ambalo linahusu nyumba nyingi. Mtoto wa kilo 14 hadi 19.9 hupewa vidonge viwili na nusu vya miligramu 10, vile vinavyoyeyushwa katika maji. Akifika kilo 20 huhamishiwa kidonge kimoja cha miligramu 50. Mlezi huona vidonge viwili na nusu vimegeuka kimoja, akadhani mtoto amepunguziwa, na yuko aliyeniambia wazi kwamba alikuwa "akimwongezea" mtoto vile vidogo vilivyobaki ili asidhoofike. Wengine hukosea kinyume chake: cha 50 kikiisha, wanahesabu vitano vya 10. Vile vya kuyeyusha huingia mwilini kwa wingi zaidi, kwa hiyo hesabu hiyo ya shuleni haifanyi kazi. Havibadilishwi kimoja kwa kingine pasipo kliniki kusema. Mtoto anapobadilishiwa dawa, dawa ya zamani irudishwe kliniki siku hiyohiyo, isibaki kabatini hata usiku mmoja.

Mkurugenzi, Kampala

Nimesoma kwa makini, na ninakubaliana na mengi. Naomba tu niwe mtu wa hesabu. Makao yangu yana nyumba saba, akina mama saba na mashangazi wanne, na muuguzi mmoja anayekuja mara mbili kwa wiki. Kumwona kila mtu akitoa dawa mara tatu kwa siku tofauti ni zaidi ya mara thelathini za kusimama jikoni, na mashangazi hubadilika kila mwaka. Wafadhili wetu huuliza ni watu wangapi wamefunzwa na vyeti viko wapi. Hawaulizi habari za jikoni. Aidha, akina mama wawili miongoni mwa saba hawasomi vizuri katika lugha yoyote. Je, niwaondoe kazini, wakati hao ndio walezi bora nilionao?

Muuguzi Mzungukaji (Tororo)

Mkurugenzi, nashukuru kwa kusema wazi. Hesabu yako ni sahihi, nami sina namna ya kuifanya iwe ndogo. Nilichokifanya katika makao yaliyo na hali kama yako ni kumchagua mama mmoja mzoefu, kumpitisha mimi mwenyewe, kisha yeye akawapitisha wengine huku mimi nikirudi kumtazama kila mmoja mara moja tu. Cheti kitolewe baada ya hapo, na kiandikwe tarehe ya mwisho, mwaka mmoja. Mfadhili atapata idadi yake.

Akina mama hao wawili usiwaondoe. Mmoja wa walezi salama kuliko wote ninaowafahamu hakumaliza darasa la tatu. Kadi zake zina picha ya mtoto, jua na mwezi, na idadi ya vidonge imechorwa kwa duara. Nusu ya kidonge ni duara lililokatwa. Analinganisha maandishi ya kopo na ya kadi kama mtu anayelinganisha nakshi za kitenge, na akiona herufi moja tofauti haendelei. Msomi huona herufi za kwanza tatu akajaziliza mwenyewe, na huko ndiko dawa zenye majina ya kufanana hubadilishana.

Lugha nayo tusiisahau. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba ilipobadilishwa mwaka 2005, lakini fungua boksi la dawa uone kama karatasi iliyomo imelisikia jambo hilo. Tafsiri ni kazi yetu sisi wakufunzi, nasi twapaswa kuwa waangalifu tunapotafsiri. Mfano wangu ni dawa ya mseto ya malaria, ambayo dozi yake ya pili hutolewa masaa manane baada ya ile ya kwanza. Walimu wa Kiswahili watanisahihisha kwamba sahihi ni "baada ya saa nane", na kwa sarufi huenda wamenishinda. Lakini mwambie mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa nne asubuhi kwamba ya pili ni "baada ya saa nane", naye ataitoa saa nane na robo mchana, kwa moyo safi kabisa. Kwa hiyo kwenye kadi siandiki masaa mangapi yapite. Nahesabu mwenyewe na kuandika saa yenyewe: umetoa saa nne asubuhi, utatoa tena saa kumi na mbili jioni. Umetoa saa mbili usiku, utaamka saa kumi alfajiri. Siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, hadi dozi sita zitimie hata kama homa imeshuka. Mtoto akitapika kabla saa moja haijapita, dozi hiyo irudiwe, na mama apige simu kwa sababu pakiti sasa itapungukiwa.

Msaidizi wa Malezi (Kyegegwa)

Naongeza kuhusu "mtoto sahihi", kwa sababu watu hulipita haraka wakidhani mama hawezi kuwasahau watoto wake. Mama hawezi, shangazi anaweza. Nyumba moja niliyofanyia kazi ilikuwa na Wasswa wawili, kwa kuwa jozi mbili za mapacha zilipelekwa hapo kutoka familia tofauti, na kwa Waganda pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa huitwa Wasswa. Shangazi aliuliza, "Wewe ndiye Wasswa?" Mtoto akaitika, tena bila uongo wowote, akameza dawa isiyo yake. Bahati ilikuwa ni vidonge vya minyoo. Tangu hapo tulifundisha kwamba mtoto aulizwe "jina lako nani?" na ataje majina yote mawili, uso wake ulinganishwe na picha kwenye kadi, na picha ibadilishwe kila mwaka kwa sababu watoto hubadilika sura.

Ningependa kuuliza kuhusu shahidi. Wapo wanaosema kila dawa ishuhudiwe na mtu wa pili. Katika nyumba yenye mama mmoja usiku, mtu wa pili ni nani? Kwetu alikuwa msichana mkubwa wa miaka kumi na sita aliyetia sahihi.

Muuguzi Mzungukaji (Tororo)

Hapana, asiwe mtoto. Nasema hivi nikijua kwamba nyumba nyingi hufanya hivyo kwa nia njema. Msichana huyo ataijua siri ya kila mwenzake anayemeza ARV, na siku kosa likitokea sahihi yake itakuwepo chini ya kosa la mtu mzima. Kwa dawa za kawaida za kila siku mama mmoja anatosha, akilinganisha mara tatu: anapotoa kopo kabatini, anapomimina, na anapolirudisha. Kwa zile chache zenye hatari, kama vile insulini au dozi inayobadilishwa kwa mara ya kwanza, nasisitiza shahidi mtu mzima, na mama wa nyumba jirani huitwa, hata kama ni usiku.

Kuhusu siri, ondoeni daftari la dawa ukutani. Nimeingia nyumba ambamo orodha ya majina na dawa ilibandikwa sebuleni, juu ya televisheni, kila mgeni akisoma. Daftari hukaa ndani ya kabati la dawa, na kabati lina kufuli, na ufunguo uko kwa anayeshika zamu. Usiwekwe juu ya mlango ambako kila mtoto wa miaka kumi anajua uliko.

Sahihi nayo ina wakati wake. Wengi hutia sahihi kwa wote asubuhi, wakishapanga vidonge kwenye vifuniko vya chupa, halafu mtoto mmoja anakimbilia shule kabla hajameza. Sahihi hufuata kumeza. Mtoto akikataa, hilo nalo huandikwa, na dawa haifichwi ndani ya posho, yaani ugali. Anaulizwa kwa nini anakataa, na mara nyingi jibu ni jepesi kuliko tulivyodhani, kwamba ni chungu, au kwamba mwenzake alimcheka.

Afisa Ustawi (Mbale)

Kwa upande wa shule za bweni, naomba kila nyumba iwe na karatasi ya makabidhiano: vidonge vingapi vimetoka, nani amepokea, vingapi vimerudi likizo. Vikirudi vingi kuliko inavyopaswa, mtoto hakuvimeza, na ni afadhali kulijua hilo siku ya kwanza ya likizo kuliko kulisikia kliniki baada ya kipimo cha damu. Vilevile wageni wanaoleta dawa ndani ya masanduku yao wakataliwe kwa adabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unataka dawa ibakiwe angalau na mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapowasili, na lebo yake iwe katika lugha inayoeleweka na wahudumu wa nchi inayopokea. Nimekuta makopo ya Kijerumani kabatini ambayo hakuna aliyejua ni ya nini, nayo yalikuwa yakitolewa "kama vitamini".

Mkurugenzi, Kampala

Nimebakiwa na swali moja. Kosa likitokea, mnamchukulia hatua gani mlezi? Sisi tuna adhabu ya kukatwa mshahara, na tangu tuianzishe makosa yamepungua sana katika daftari.

Muuguzi Mzungukaji (Tororo)

Yamepungua katika daftari, Mkurugenzi. Rudi umsome mama wa Arua hapo juu, aliyekaa kutwa nzima akisikiliza pumzi ya mtoto bila kumwambia mtu. Makosa ya nyumbani kwako yanafanya hivyohivyo sasa.

Shangazi wangu hakukatwa shilingi. Alinipigia simu dakika chache baada ya mtoto kuanguka, akaniambia saa aliyokusudia kutoa dawa, na kwa sababu hiyo nilijua cha kumwambia daktari. Angeogopa, angesema alitoa asubuhi, na daktari angemwongezea mtoto dozi akidhani dawa imeshindwa. Katika nyumba ninazozitembelea, kosa huandikwa siku hiyohiyo katika daftari lake tofauti: nini kilitokea, mtoto yuko hali gani, nani amepigiwa simu. Madhara yasiyotarajiwa ya dawa yenyewe huripotiwa kupitia kituo cha afya hadi Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa. Nikija, swali langu la kwanza ni kadi iliandikwaje, kabati limepangwaje, na zamu ilikabidhiwaje. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2017 mpango wake wa dawa bila madhara, moja ya maeneo matatu lililoyapa kipaumbele ni wakati mgonjwa anapohama kutoka mikono ya mmoja kwenda ya mwingine. Kwetu wakati huo ni Ijumaa jioni, mama anapovaa viatu na shangazi anapovua vyake. Nimeweka kanuni kwamba wasiachane kabla hawajasimama mbele ya kabati na kupitia kila kadi kwa sauti, na shangazi ndiye anayesoma, mama anasikiliza.

Mama wa Nyumba ya Nne (Arua)

Mfamasia, nimefanya ulivyoniagiza. Nimepima kijiko changu mara tatu kwa bomba nililonunua leo mjini. Mililita 8 mara mbili, na 7 na nusu mara moja, kwa sababu mkono ulitetemeka. Nimekihamishia kwenye kopo la sukari. Sasa nauliza, bomba hili likishatumika kwa mtoto mmoja, nalioshaje kabla ya mwingine, au kila mtoto awe na lake?

Mfamasia wa Jinja

Kila mtoto awe na lake, mama, na jina lake liandikwe juu kwa wino usiofutika. Likishatumika, lifungue, lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, lisuuze, uliache likauke likiwa limefunguliwa. Namba zikianza kufutika, litupe ununue jingine.